Smith Yupi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka ngazi hadi orofa ya chini kabisa ya hospitali moja mjini Minneapolis, kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja, nikakabidhiwa vitu viwili: rula ya mbao na kadi ya kuvaa kifuani. Rula ilikuwa kuukuu, imeliwa pembeni. Kadi ilikuwa mpya, na jina lililochapishwa juu yake halikuwa langu.

Iliandikwa Elijah Maturi. Mimi ni Elijah Muturi. Kosa lilikuwa la herufi moja, na lilianza na mkono wangu mwenyewe. Shuleni kwetu Nyeri tulifundishwa mwandiko wa kulala upande, herufi zimeshikana, nami nilisifiwa kwa mwandiko huo hadi nikauona kama mali. Herufi u iliyofuata M kubwa nilikuwa naikunja kwa juu hadi inajifunga. Pasipoti za wakati ule ziliandikwa kwa mkono, na aliyeandika yangu alikuwa na mwandiko wa aina hiyo hiyo. Nilipojaza fomu yangu ya kwanza Marekani, mpokeaji alitazama fomu, akatazama pasipoti, akaona a pande zote mbili, akachapa a. Baada ya hapo kila ofisi ilinakili kutoka kwa ofisi iliyotangulia.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama sitini, miwani yake ikining'inia kwenye mnyororo. Idara ilikuwa na jina refu la Kiingereza, lakini kwangu mimi ilikuwa masijala tu, kama ile ya serikali niliyofanyia kazi miaka minne kabla ya kusafiri. Nikamwambia, "Madam, kadi hii ina kosa."

Akavaa miwani. "Inalingana na karatasi zako nyingine?"

"Inalingana nazo zote."

"Basi ni sahihi. Hapa tunaandika tunachokiona. Hatuandiki tunachodhani."

Nilikuwa na mke mjamzito, Nyambura, na ombi letu la ukaazi lilikuwa bado mezani kwa watu. Karatasi zisizolingana ndizo zilizokuwa zikirudisha wenzetu nyumbani. Nikavaa kadi. Nilijiambia kwamba nitalishughulikia jambo hilo mambo yakitulia.

Alasiri hiyo msimamizi alinifundisha kazi ya rula. Unapolinganisha jina kwenye jalada na jina kwenye fomu, unaweka rula chini ya mstari ili jicho lisirukie mstari mwingine. Kisha unalisoma jina kinyumenyume, herufi moja moja, kutoka mwisho hadi mwanzo. Ukilisoma kutoka mbele, alieleza, ubongo unakimbia mbele ya jicho na kulimalizia. Ukiona Robins, unaweza kusoma Robinson kwa sababu umewazoea akina Robinson. Ukianzia nyuma hakuna neno la kudhani. Kuna herufi tu. Nimelisoma kila jina hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na hadi leo nikisoma jina la barabara hujikuta nimeanzia mwisho.

Majalada yalipangwa kwa nambari, ukianza na tarakimu mbili za mwisho, ili rafu zote zijae kwa usawa. Jalada lilipotolewa, mahali pake paliwekwa kadi nyekundu yenye jina la aliyelichukua na saa. Rafu haikuruhusiwa kuwa na pengo lisilo na maelezo. Ila kulikuwa na kabati moja la kadi ndogo zilizopangwa kwa majina, na hilo ndilo lililonivuta. Minnesota ni jimbo la akina Johnson na Anderson. Kadi zao zilijaza droo baada ya droo, wengi wao wazao wa watu wa Ulaya ya kaskazini. Katikati yao walikaa Waingereza: Smith, Taylor, Cook, Clark, Walker, Wright, Turner, Price. Kiingereza changu cha shule kilinifanya nione ajabu. Kama jina linamaanisha mpishi, kwa nini mwenyewe ni fundi wa bomba?

Ajabu hiyo iliniponza siku ya tatu. Simu ililia, msimamizi akasikiliza, akaniambia, "Mpelekee daktari Cook, chumba cha pili juu. Haraka, Eli." Cook ni mpishi. Nikapanda hadi jikoni, nikamkuta jamaa mnene mwenye aproni nyeupe, nikamwambia kwa heshima zote kwamba anaitwa na daktari. Akafuta mikono, akashika moyo kidogo, akanifuata. Daktari alimtazama, akanitazama.

"Niliomba jalada," akasema. "Nimeletewa chakula cha mchana."

Kwa mwaka mzima kila nilipopita jikoni yule mpishi alinipigia saluti kwa mwiko. "Bado daktari hajaniita?"

Kosa la pili halikuchekesha mtu. Niliombwa jalada la Mary Smith, nikaleta la Mary Smith. Kulikuwa na wawili, waliozaliwa mwezi mmoja, mwaka mmoja. Dawa iliyomfaa mmoja ilikuwa ikimfunga mwenzake pumzi. Muuguzi aliligundua kosa akiwa tayari na sindano mkononi. Msimamizi hakunifokea. Aliniketisha mbele ya lile kabati, akavuta droo nzima ya akina Smith.

"Mtu akikuomba Smith, unasemaje?"

"Nasema ndiyo, madam."

"Hapana. Unasema, Smith yupi? Hata akiomba daktari mkuu. Hata nikiomba mimi. Hufungui jalada lolote mpaka umejibiwa."

Baada ya siku hiyo tulianza kubandika alama ya njano kwenye majalada ya watu wenye majina yanayokaribiana. Tuliiita tahadhari ya jina. Nami nikanunua daftari dogo la jalada la buluu, nikaanza kuandika maana za majina, kwa sababu jina ambalo nalijua maana yake sikulichanganya tena.

Smith lilikuwa la kwanza. Smith ni mhunzi, mfua chuma. Muturi, kwa Kikuyu, ni mhunzi. Babu yangu, ambaye nilipewa jina lake kwa kuwa ni mimi mwana wa kwanza wa mwanawe, alikuwa na tanuri na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, akifua majembe na panga kutokana na springi za magari mabovu. Kumbe droo nzima ya Minnesota ilikuwa na jina langu, limeandikwa sawasawa, na mimi peke yangu ndiye niliyekosewa.

Mwana wetu alizaliwa kabla mwaka haujaisha. Tulimwita Dennis Kamau, Kamau likiwa jina la baba yangu kama desturi inavyotaka. Jina la mwisho, Maturi, halikutaka ruhusa ya desturi. Lilijiandika lenyewe kutoka kwenye karatasi zangu.

Kituo changu cha pili kilikuwa kliniki kubwa upande wa Saint Paul, na bosi wangu alikuwa mkuu wa kumbukumbu, mwanamume mfupi aliyekula karoti mbichi siku nzima. Huko ndiko tulikohama kutoka karatasi hadi kompyuta. Kazi yangu ikawa kuwinda majalada pacha, yaani mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili kwa majina mawili, na kuyaunganisha. Wakati huo Waafrika Mashariki walikuwa wamekuwa wengi. Mkuu wa kumbukumbu alikuja mezani kwangu na karatasi tatu.

"Eli, hawa wanasema ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja Otieno, mmoja Odhiambo, mmoja Achieng'. Wananidanganya?"

"Hawakudanganyi. Mmoja alizaliwa usiku, mwingine jioni, mwingine jua likiwa juu."

"Na jina la familia?"

"Familia inajulikana. Haihitaji kuandikwa."

Akatafuna karoti. "Kompyuta haijulishwi hivyo," akasema, na tangu siku hiyo kila jina la kutoka kwetu lililetwa kwangu.

Kanisani, katika kitongoji cha Crystal, habari zikaenea. Jumapili baada ya ibada, wenzetu wakinywa chai, nilikuwa na meza yangu kwenye kona ya ukumbi. Waliniletea fomu za vyeti vya kuzaliwa, leseni, vitambulisho vya kazi. Nyaboke aliyeandikwa Nyabroke. Wafula aliyeandikwa Waffle, kama ile keki ya asubuhi, akalia machozi ya kweli. Niliwaandikia barua, niliwapa maneno ya kumwambia karani wa dirishani, na karibu wote walirudishiwa majina yao. Waliniita fundi wa majina. Na fundi mwenyewe alikaa pale na kadi ya Maturi mfukoni.

Mama alikuwa akinikumbusha. Nilimpigia Nyeri kila Jumamosi. Mara moja tulimtumia picha za Kamau, na bahasha ilikuwa na lebo iliyochapishwa.

"Nimepata barua kutoka kwa mtu anaitwa Maturi," akasema. "Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Maitũ. Ni makosa ya ofisi."

"Si wewe unafanya kazi ofisini?"

"Ninafanya."

"Basi waambie."

Kisha akaniita kwa jina langu, pole pole, kama mtu anayelipima kama bado linanitosha. Watu wa Minnesota waliniita Eli. Nyambura aliniita Baba Kamau. Mama peke yake ndiye aliyebaki akisema Muturi, na nilikuwa nangoja Jumamosi kwa ajili ya neno hilo kuliko habari zote alizokuwa nazo.

Alipofariki nilienda kumzika. Binamu yangu alikuwa amechapisha ratiba ya mazishi, karatasi iliyokunjwa katikati, na ndani yake orodha ya watoto wa marehemu. Nilisimama kando ya kaburi nikaisoma orodha ile kinyumenyume kwa mazoea. I, r, u, t, u, m. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuliona jina langu limechapwa bila kosa, na aliyekuwa akiliita hakuwepo tena. Karatasi hiyo nilirudi nayo Minneapolis ndani ya Biblia.

Wiki niliyorudi nilichukua fomu ya mahakama ya kuomba kubadili jina. Niliijaza yote kwa herufi kubwa, nikamwonyesha Kamau, wakati huo ameshamaliza chuo na kununua nyumba Eden Prairie. Aliisoma amesimama, funguo za gari bado mkononi.

"Dad, hii ni yako peke yako?"

"Unaweza kujaza yako pia. Tutaenda pamoja."

"Mimi niko sawa na Maturi. Iko kwa degree, iko kwa mortgage. Kila mtu kazini ananijua hivyo."

"Ni kosa, Kamau. Halina maana yoyote."

"Maana yake ni mimi," akasema. "Nimekuwa Maturi tangu nizaliwe. Sasa ukibadilisha yako, mimi nitakuwa mtoto wa nani?"

Niliikunja fomu nikaiweka ndani ya daftari la buluu, na humo ikakaa. Kama ningeulizwa kwa lugha ya kazi yangu, ningesema jalada lilikuwa limetolewa rafuni na hakuna aliyeweka kadi nyekundu.

Kituo cha tatu kilikuwa makao ya wazee, New Hope. Mkurugenzi wa pale alikuwa mtu wa maneno machache, na aliponiajiri aliniambia sentensi moja: "Hapa watu hawaponi, kwa hiyo andika vizuri." Nilishika kumbukumbu za wakaazi na kuwapelekea karatasi za kutia sahihi vyumbani. Katika chumba kilichotazama maegesho aliishi mwalimu mstaafu, Bibi Walker, aliyekuwa amepita miaka tisini na ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi.

Siku moja alinishika nikitazama jina lake mlangoni. "Unafikiri ni mzaha, siyo? Walker, mtembezi, kwenye kiti cha magurudumu."

"Samahani, mama."

"Keti. Walker si mtembezi." Akaniambia kwamba zamani Uingereza nguo ya sufu ikishafumwa ilitiwa ndani ya karai, ikakanyagwa kwa miguu mpaka iwe nene na kushikana. Aliyekanyaga ndiye aliyeitwa Walker. Sehemu nyingine za nchi hiyo kazi hiyo hiyo iliitwa Fuller, kwingine Tucker. "Na unajua nini kilikuwa ndani ya karai? Mkojo uliolala. Mababu zangu walisimama ndani ya mkojo kutwa nzima ili mimi nipate jina zuri la kuandika ubaoni." Akacheka hadi akakohoa.

Baada ya hapo kila Alhamisi nilimpelekea karatasi hata kama hazikuwepo. Daftari la buluu likajaa. Taylor ni fundi cherehani, mkata nguo. Cooper ni fundi wa mapipa. Wright ni fundi wa kuunda vitu vya mbao, magurudumu na mikokoteni. Webster ni mfumaji na Baxter ni mwokaji, na mwanzoni miisho hiyo ilikuwa ya wanawake, kisha wanaume wakaichukua. Hill aliishi mlimani, Green aliishi kando ya uwanja wa kijiji. Brown na Reid walitajwa kwa rangi ya nywele au ya ngozi, na Reid ni mwekundu tu aliyeandikwa kwa namna ya Kiskoti. Lililonifurahisha kuliko yote ni Price, ambalo nilidhani ni bei. Kumbe ni la watu wa Welisi. Wao husema ap, yaani mwana wa. Ap Rhys, mwana wa Rhys, likatamkwa kwa haraka hadi likawa Price. Nikamweleza kwamba na sisi tuna wa yetu: Kamau wa Muturi, Muturi wa Kamau, babu na mjukuu wakipokezana.

"Na Clark?" nikamuuliza.

"Clark ni wewe."

"Mimi?"

"Ni clerk, karani. Hapo zamani waliojua kuandika walikuwa watu wa kanisa, wakaitwa hivyo, kisha jina likabaki kwa yeyote mwenye kalamu. Waingereza wanalitamka kwa a, ndiyo maana mtu akaliandika kwa a."

"Nani alikuwa akiamua herufi?"

"Mwenye kalamu siku hiyo. Mwenye jina hakujua kusoma. Alishukuru, akaenda zake, na wajukuu wake wakabaki na kosa lile mpaka likawa ukoo." Akaangalia kadi kifuani pangu. "Lako linamaanisha nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote: mivukuto, springi za magari, u iliyojifunga. Alinisikiliza kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi anayedai mbwa amekula kazi yake ya nyumbani.

"Wewe unajua kusoma, Bwana Smith," akasema. "Kisingizio chako wewe ni kipi?"

Aliendelea kuniita Bwana Smith mpaka mwisho. Majira ya baridi yaliyofuata alifariki, na mimi mwenyewe nikafunga jalada lake, nikaweka rula chini ya mstari, nikasoma jina lake kutoka r hadi W. Kisha nikakaa ndani ya gari maegeshoni, injini ikiunguruma, kioo kimeganda barafu, nikitazama dirisha lake.

Kituo cha mwisho kilikuwa ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa huko Eden Prairie, jengo la vioo katikati ya maegesho. Hapakuwa na jalada hata moja. Mashine ililinganisha majina yenyewe na kututumia tu yale iliyoyatilia shaka. Meneja, kijana mwenye adabu, aliniuliza kwa nini nina rula mezani. Nikamweka mbele ya skrini, nikamfundisha kusoma kinyumenyume. Baada ya dakika tatu akapata kosa ambalo mashine ilikuwa imelipitisha. "Sasa nakuelewa, Eli," akasema, na siku niliyostaafu, majani yakiwa yameanza kupukutika, aliniomba rula ile. Sikumpa. Nilimnunulia nyingine.

Kustaafu kulinipata nikiwa na jambo moja tu la kungoja. Kamau alikuwa ameoa Mkisii, Kerubo, muuguzi mwenye maneno matamu na msimamo wa chuma, na Kerubo alikuwa mjamzito. Daktari alisema ni mvulana. Kwa desturi yetu, mwana wa kwanza wa mwanangu anachukua jina langu. Halikuwa jambo la mahakama wala la mortgage. Jina langu lingerudi lenyewe, kwa mlango wa mbele. Sikumwambia mtu, lakini Nyambura aliniona nikinoa penseli bila sababu.

Kisha mama yake Kerubo akafika kutoka Kisii kumsaidia bintiye kujifungua. Tulikaribishwa chakula cha Jumapili, na Kamau akataja jina hilo mezani kana kwamba limeshaamuliwa. Mama Kerubo akaweka kijiko chini.

"Baba Kamau, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Unapumua?"

"Napumua."

"Sasa mtu anayepumua anapewaje mtoto jina lake? Kwetu tunamwita mtu aliyetangulia. Ukimpa mtoto jina la mtu aliye hai, unamfukuza duniani. Unataka nirudi Kisii niseme nimekuja Amerika kukuzika?"

Kamau akacheka, lakini Kerubo hakucheka. "Mum ako serious," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Na hata mimi sitaki."

Nyambura akajaribu: kwetu ni heshima, kwetu ndivyo tunavyofanya. Mama Kerubo akajibu kwamba kwao pia ni heshima, ndiyo maana wanangoja mwenyewe amalize kwanza. Chakula kikapoa. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu ambao sikuwa nao hata kwenye lile kaburi la Nyeri. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimewarudishia wengine majina yao, na langu lilikuwa limekwama kwa sababu bado ninapumua.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiyeyuka kwenye vioo vya hospitali. Tulipofika, fomu ya kusajili kuzaliwa ilikuwa juu ya meza ya kitanda, nafasi ya jina iko tupu. Kamau alikuwa ameketi ameinamisha kichwa. Kerubo alikuwa amembeba mtoto, na mama yake alisimama nyuma yake kama askari wa zamu.

Nilimtazama yule mtoto. Nilitaka kusema jina langu. Neno lililonijia badala yake ni lile la orofa ya chini, droo ya akina Smith ikiwa wazi mbele yangu.

"Mama Kerubo," nikasema, "hukuniuliza ni Muturi yupi."

"Wako wangapi?"

"Mimi niliazimwa tu. Mwenye jina alikuwa babu yangu. Alikuwa mhunzi. Alifua majembe yaliyolima mashamba ya kijiji kizima, na alikufa mimi nikiwa darasa la pili. Huyu mtoto hapewi jina langu. Anapewa la mhunzi."

Haikuwa rahisi kusema hivyo. Nilikuwa nimelingoja kama langu, na ilinibidi nilitoe mkononi ili lipite.

Mama Kerubo akafikiri. "Huyo mhunzi alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mkali. Lakini jembe lake halikuvunjika."

"Na amekufa kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akacheka, akanyoosha mikono apewe mtoto. "Sasa huyo ndiye tulikuwa tunamtafuta. Si ungesema mapema, Baba Kamau, tukala ugali ukiwa moto?"

Kerubo akafuta macho. Kamau akaisukuma fomu kwangu. "Andika wewe, Dad. Wewe ndiye karani."

Niliandika kwa herufi kubwa zilizoachana. M. U, nikaiacha wazi juu. T. U. R. I. Kisha mkono ukafika kwenye nafasi ya jina la familia, ukasimama. Kamau alikuwa akinitazama. Leseni yake ilikuwa imebanwa juu ya fomu ili jina linakiliwe. Tunaandika tunachokiona. Niliitazama leseni ya mwanangu, nikaandika MATURI, kwa a, na hiyo a niliifunga vizuri.

Karani wa wodi alipoipokea aliisoma mara mbili. "Bwana, majina haya mawili ni kama moja. Kuna kosa mahali?"

"Hakuna," nikasema. "La kwanza ni la mhunzi. La pili ni la baba yake."

Cheti kilikuja kwa posta wiki kadhaa baadaye. Nilienda nacho Eden Prairie, nikaketi sebuleni karibu na kitanda cha mtoto, nikatoa rula kwenye mfuko wa koti. Nikaiweka chini ya mstari. I. R. U. T. U. M. Hakuna kosa. Kisha nikafanya jambo ambalo msimamizi wangu asingelipenda, nikalisoma kutoka mbele, kwa sauti, kama mama alivyokuwa akilisema Jumamosi.

"Muturi."

Kerubo akaitika kutoka jikoni, mikono ikiwa ndani ya maji. "Muturi yupi?"